Bluu Chini ya Tuta

Huyu mzee alinimalizia maziwa. Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu juu ya maziwa ni nyepesi kuliko ile nyingine niliyonayo juu yake, na mtu huanza na mzigo anaoweza kuunyanyua.

Miaka yote niliyouza chai na chapati karibu na stendi ya Nachingwea, sikuwahi kumwona akinywa chai bila kuichezea kwanza. Aliagiza chai ya rangi kwenye glasi, kikombe hataki, na maziwa pembeni na kijiko. Anadondosha tone moja, anainama mpaka pua inakaribia kugusa meza, anatazama maziwa yanavyozama, yanavyofika chini, yanavyotanuka na kujikunja kurudi juu. Halafu tone jingine. Wateja wangu wamesimama wanasubiri kiti, yeye yuko na glasi yake.

"Fundi, chai inapoa hiyo," namwambia.

"Iache ipoe, mwanangu. Ikipoa inatembea polepole, naiona vizuri."

Tulimwita Fundi tu. Alikuwa amefanya kazi ya mabomba ya maji Nachingwea na Ruangwa mpaka mgongo ukakataa, na baada ya hapo akawa anafanya kazi hiyohiyo bila kutumwa na mtu. Mifuko ya koti lake ilikuwa duka. Mmoja una pumba za mpunga, mwingine una unga wa mkaa, na ule wa ndani una bluu ya kufulia, ile ya vipakiti ambayo mama zetu walitia kwenye mashuka meupe. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vya buluu mpaka kwenye kucha. Mgeni akishikana naye mkono, alijifuta kwenye suruali bila kujijua.

"Maji yana barabara zake," alikuwa anasema. "Ziko palepale muda wote. Sisi ndio hatuzioni mpaka tuyapake rangi."

Alilisema hilo mara nyingi hadi wateja wakawa wanammalizia. Yeye hakujali. Aliendelea kutupa pumba zake kwenye mtaro wa stendi na kuzifuata kwa miguu, mikono nyuma, macho chini, huku bodaboda wakimpigia honi.

Lakini nisimchezee sana, maana alinisaidia. Jiko langu la kwanza lilikuwa linaniua macho. Nilikuwa napika huku nalia, watu wanadhani nina msiba. Siku moja akaingia jikoni bila hodi, akachukua gunzi la muhindi, akaliwasha, akalizima, akaanza kutembea nalo kila kona likifuka moshi. Akasimama chini ya mtambaapanya muda mrefu. Akasema, "Moshi wako unafika hapa, unakosa pa kutokea, unarudi kukusalimia usoni. Toa tofali mbili juu ya mlango. Lile tundu la upande ule lizibe." Nilimwona mwehu. Nikatoa tofali mbili kwa sababu nilikuwa nimechoka kulia, na kabla ya wiki kwisha nikawa napika nikimwona kila mtu anayenidanganya kwamba ameshalipa.

Na kule Ruangwa. Nilikwenda kwenye msiba wa shangazi, naye alikuwepo, maana alimfahamu marehemu. Asubuhi akina mama wakafungua bomba, maji yakatoka meupe pee. Loo, zikaanza kelele. Mmoja anasema wametia dawa, mwingine ameshamwaga ndoo tatu, na msiba una watu wa kulishwa. Fundi akaomba glasi. Akakinga, akaiweka juu ya kinu, akasema tukae kimya. Tukatazama. Weupe ukaanza kuondoka kuanzia chini, ukapanda, ukapanda, mpaka glasi nzima ikawa safi.

"Hewa tu hiyo, imenaswa kwenye bomba. Kunyweni," alisema. Halafu akaongeza, na nakumbuka alivyopunguza sauti: "Maji yakisafika kuanzia chini, msihangaike. Yakisafika kuanzia juu, tope linakaa chini, hapo mjiulize udongo huo umetoka wapi. Udongo hauji peke yake. Kuna mahali pamebaki shimo."

Wakati ule niliyaona maneno ya mzee tu. Sasa nayarudia kila mvua inaponyesha.

Sifa yake kubwa aliipata kwenye lambo, upande wa Ruponda. Lambo lile lilichimbwa kwa nguvu za watu wenyewe, wakulima wa hapa na wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Mwaka wa kwanza tu maneno yakaanza. Akina mama wanasema maji yananuka mavi. Wafugaji wanasema sisi tunanywesha upande wa mbali kabisa, mnatuonea. Ikafika mahali watu wanakwenda kuchota maji na panga kiunoni. Fundi akawaita wote, akamwaga debe zima la pumba pale ng'ombe wanapokanyaga. "Sasa hakuna kusema kitu. Tazameni."

Pumba zikakaa kidogo, zikaanza kusogea. Upepo ukazisukuma mpaka ukingoni, zikafuata ukingo, zikakata kona, zikaja moja kwa moja mpaka kwenye mawe wanaposimama akina mama na ndoo. Baba Masanja, mkubwa wa wale wafugaji, akavua kofia.

"Kumbe ng'ombe wangu ndio wanaowapikia hawa mama chai," alisema, na hakuwa anatania. "Mimi nilifikiri mnatuchukia tu."

Kesho yake akakata miiba, akafunga pale, akafungua mahali pengine pa kunyweshea. Mapanga yakarudi nyumbani. Tangu siku hiyo baba Masanja alikuwa anamsalimia Fundi kwa kupiga goti kidogo, mtu mrefu vile.

Basi mtu kama huyo ungedhani hana wasiwasi na maji. Thubutu! Alikuwa anayaogopa kuliko mtoto anavyoogopa sindano. Kuogelea hajui. Korongo likifika magotini anakaa ng'ambo mpaka lipungue, hata kama ni kutwa nzima, na mimi nishavuka na beseni langu kichwani. Nikimcheka ananijibu, "Wewe huyaoni, ndiyo maana huogopi." Na nyumba yake ilikuwa inavuja mahali pane. Badala ya kupanda akaziba, aliweka sufuria nne chini akakaa anatazama matone yanavyopiga.

Tena alikuwa mwepesi wa kutisha watu. Aliwahi kusema tangi la shule litapasuka, watoto wakasimamishwa juani mpaka adhuhuri, tangi halikupasuka na halijapasuka mpaka leo. Ukimwuliza, anasema, "Lilikuwa na nia hiyo." Neno moja halikuwahi kutoka mdomoni mwake: nimekosea. Nimemtazama miaka na miaka, sijalisikia. Alipotia chumvi kwenye chai akidhani sukari, aliinywa yote.

Hapo ndipo penye mambo. Maana lambo lile lilipojengwa, mpishi nilikuwa mimi.

Mstari wa tuta la kuzuia maji ulipita juu ya kichuguu, kikubwa, kinakaribia kimo cha mlango. Watu walifika pale wakasita. Wengine wanasema ndani mna swila. Wengine wanauliza tukichimbe mpaka chini au vipi, na kukichimba ni kazi ya siku tatu kwa jua lile. Fundi ndiye aliyekuwa msimamizi. Akachukua sululu, akakipiga. Sululu ikaruka. Akacheka.

"Hiki kigumu kuliko saruji. Kiacheni humohumo, jazeni udongo pande zote mbili. Mchwa wametupunguzia kazi."

Watu wakapiga makofi. Nani angebisha? Huku kwetu udongo wa kichuguu ndio tunaosakafia nyumba, ndio tunaofyatulia matofali. Ukisema udongo mzuri, umesema kichuguu. Mimi nilikuwa napakua mboga. Wallahi sijui nini kilinituma, nikasema, "Fundi, kigumu kwa nje. Ndani si kuna vyumba vya mchwa?"

"Mama, wewe pika," akasema. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikapika.

Miaka miwili baadaye mdogo wangu Somoe akaachika kule Kiegei, akaja kwangu na watoto wanne. Nyumba yangu vyumba viwili. Nilimpenda, nampenda, lakini watoto wanne! Mwenyekiti wa kijiji akasema chini ya tuta kuna eneo halina mtu, ardhi yake haikauki hata mwezi wa kumi. Mimi ndiye niliyemshika Somoe mkono nikampeleka. Tulikanyaga, ikawa teketeke, maji yanatokeza kwenye vidole vya miguu. Nikamwambia, "Hapa utalima mchicha mpaka uchoke." Na kweli. Mchicha, matembele, nyanya, vyote vinakua kiangazi wakati wenzake wanakula mlenda mkavu. Mimi mwenyewe nilikuwa namnunulia. Jirani yake alikuwa baba Masanja na familia yake, waliojenga hapo pamoja na zizi la ndama. Nyumba mbili tu, na tuta juu yao.

Maji yale yaliyokuwa yakimlisha Somoe yalikuwa yanatoka kwenye tuta. Fundi alilijua hilo, na mwanzoni hakushtuka, kila tuta linatoka jasho, alisema. Kila masika alikuja na bluu yake. Anatia upande wa lambo, anashuka kwa Somoe, anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, anasubiri. Mara ya kwanza alitia asubuhi, bluu ikatokea kwenye matembele wakati wa adhana ya alasiri, nyepesi, maji masafi. Akafurahi. Masika yaliyofuata ikatokea adhuhuri. Siku hiyo kwangu hakudondosha maziwa kwenye chai. Aliinywa tu.

Masika mengine akaanza kupiga kelele. Somoe ahame, baba Masanja ahame, maji yafunguliwe yapungue. Watu wakamwuliza swali moja la haki kabisa: "Yanapita wapi, Fundi? Tuonyeshe tuzibe." Na yeye, mtu wa kuonyesha, akaanza kuzungusha mkono hewani. Humohumo. Upande ule. Katikati hivi. Baba Masanja hakubisha, akaondoka na watu wake siku hiyohiyo. Somoe alihama wiki mbili kwa heshima ya uzee wake. Tuta halikufanya kitu. Waliporudi walikuta ngedere wamemaliza mahindi mpaka magunzi, na mwenyekiti akasema lambo halifunguliwi kwa ndoto za mtu, mwezi wa tisa ng'ombe watakunywa nini, na watu watanywa nini.

Mimi nilijua. Nilipomwona anazungusha mkono vile, nilijua anakwepa mahali gani. Ningeweza kusema. Nilijiambia si kazi yangu, mimi mpika chapati nitamfundisha fundi? Nilijiambia tuta limekaa miaka yote hiyo. Na nitasema ukweli, maana nimechoka kuubeba: niliwawazia pia wale watoto wanne kwenye vyumba vyangu viwili. Nikanyamaza masika mawili.

Februari hii nilikwenda kwa Somoe kuchukua mchicha, siku ya Ijumaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano mfululizo, ikapumzika asubuhi hiyo. Nikamkuta Fundi amesimama juu ya tuta peke yake. Nikapanda.

"Njoo uone," akasema. Hakunisalimia.

Kwenye maji, hatua tatu kutoka tulipo, pumba alizotupa zilikuwa zinazunguka. Taratibu, duara dogo, zinakaribiana, zinakaribiana, halafu moja moja zinatoweka kwenda chini. Nimeona maji yakifanya hivyo kwenye sinki. Sijawahi kuyaona yakifanya hivyo kwenye lambo. Sikuhitaji kuuliza chini yake kuna nini.

Akafungua pakiti ya bluu, akaimwaga yote. Ilijivuta kuwa uzi, ikazunguka mara mbili, ikaingia. Tukashuka tunateleza. Baba Masanja alikuwa anawanywesha ndama wake sita kwenye beseni, mmoja mmoja. Ndama wa nne alikuwa bado ana kiu wakati matembele ya Somoe yalipogeuka buluu. Wala haikuwa buluu safi. Ilitoka imechanganyika na wekundu, nzito, inasukuma mchanga mbele yake.

Fundi alikinga kwenye chupa, akaisimamisha juu ya jiwe. Tukachuchumaa wote wanne, yeye, mimi, baba Masanja na Somoe. Juu pakaanza kusafika kwanza. Chini tope likaanza kukaa, kidole kimoja, kidole na nusu.

"Somoe mwanangu, leo hii," akasema. "Siyo kesho."

"Fundi, nakuheshimu," Somoe akajibu, na mtoto wake wa mwisho yuko mgongoni. "Lakini ulisema hivyohivyo. Nilihama, nikarudi nikala njaa. Nionyeshe pa kuziba, wanaume waje wazibe. Kama hupajui, niache na mboga zangu."

Nilimtazama Fundi. Alinitazama. Nikangoja aseme, yeye akangoja mimi niseme, na maji yanatoka. Kisha akageuka, akaondoka kuelekea msikitini, miguu yake imejaa matope, akasimama mlangoni mpaka swala ikaisha. Watu wakatoka, akawaambia wamfuate. Walikuja wakinung'unika, kanzu wamezikunja magotini. Akawasimamisha palepale chini, mwenyekiti akiwemo, akavua koti lake lenye mifuko yote ile akalitupa kwenye matope.

"Yanapita kwenye kichuguu," akasema. "Mchwa wamechimba ndani, maji yamepata vyumba, sasa yanavunja kuta za vyumba. Mimi ndiye niliyewaambia mkiache. Nimejua kwa masika mawili kwamba ni hapo. Sikutaka kusema ni hapo. Nimekosea."

Nilisikia tone la maji likidondoka kutoka kwenye bati.

"Na siku ileile," akaendelea, "kulikuwa na mtu aliyeniuliza kama ndani hakuna vyumba. Nikamwambia apike."

Jamani. Hakunitaja. Hakuwa na haja, kila mtu pale alikula ugali wangu. Baba Masanja hakusubiri neno jingine, alipiga mluzi, watu wake wakaanza kuvunja zizi. Wanaume wakaanza kubishana na mwenyekiti kuhusu kufungua mchirizi wa pembeni ili lambo lipungue, sauti zikapanda. Somoe hakutazama huko. Aligeuka taratibu, mtoto mgongoni, akanitazama mimi.

"Dada," akasema. "Ulijua?"

Niliangalia matembele yaliyokuwa yamelala kwenye maji ya buluu. Nikaingia ndani kwake, nikainama nikashika godoro lake upande mmoja. Yeye akaniacha nimeinama hivyo kwa muda, halafu akashika upande wa pili.

Mchirizi ulifunguliwa siku hiyo, lakini mvua ilirudi jioni, na lambo linajaa kuliko linavyopungua. Fundi alimwomba Somoe ufunguo wa nyumba, amehamia mle ndani peke yake, yeye asiyejua kuogelea, anakaa mlangoni mchana kutwa akitazama maji yanavyotoka. Anasema lazima awepo mtu wa kupiga kelele, njia ya kwenda mashambani inapita hapo chini. Tumemsihi atoke, baba Masanja amekwenda mara tatu kumbembeleza. Anajibu kwamba safari hii hatatazama kwa mbali.

Tuta bado limesimama. Somoe na watoto wako kwangu, wamejaza chumba kizima. Kila asubuhi ananiuliza habari za tuta. Habari zangu haulizi.